Uzio wa Amissi

Upepo wa Dzaleka haukuwa na adabu. Ulishuka kutoka vilima vya upande wa Dowa ukilaza majani makavu, na ulipofika ukingoni mwa kambi ya wakimbizi, pale nyumba za mwisho zilipokaa juu ya changarawe tupu, haukukuta cha kuuzuia. Uliingia kwa Mama Zena bila hodi. Ulipeperusha turubai, ukamwaga vumbi kwenye sufuria ya nsima, ugali wa huko, na mvua ilipokuja uliibeba ubavuni ukaipiga ukutani mpaka matofali mabichi yakalainika kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya beseni.

Mama Zena na watoto wake wawili walipewa kiwanja hicho walipofika katikati ya mwaka 1995. Waliotangulia walikuwa wameshachukua sehemu nzuri karibu na majengo ya zamani ya gereza, na waliochelewa walibaki na mawe. Walikuwa wametoka Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ingawa ungewauliza ni watu wa wapi wangekujibu Kindu, maana ndiko babu zao walikotoka wakifuata biashara. Risasi zilipoingia Buyenzi, Amissi, baba wa nyumba, aliwapandisha mkewe, kijana wake Idrissa na binti yake Aicha kwenye meli ya mizigo iliyokuwa ikielekea bandari ya Mpulungu, Zambia. Yeye akabaki kuondoa vitenge dukani. "Nitabafuata," alisema. Amissi hakuwa mtu wa kusema jambo asilifanye, na ndiyo sababu nyumba ya Mama Zena ilikaa bila uzio.

Kwao, uzio hupandwa na mwenye nyumba. Mwanamke anaweza kukanda udongo, kujenga ukuta, hata kupanda juu akaezeka, lakini mche wa kwanza wa uzio huwekwa na mkono wa mume. Akiwa safarini, uzio unamngoja. Siku mtoto wa kiume akiupanda badala yake, mtaa mzima unajua bila kuambiwa kwamba mwenye nyumba harudi.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata, mvua ilikula kona ya ukuta wa upande wa upepo. Aicha alikuwa anakohoa tangu Desemba. Mama Zena aliitazama ile kona, akamtazama binti yake, kisha akainama kwenye moto kama mtu anayezungumza na kuni.

"Idrissa, utapanda uzio."

"Uzio gani?"

"We unaujua."

Idrissa aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Alikuwa na miaka kumi na tisa na hasira ya watu watatu. "Papa anakuja!"

"Mi sijasema haji. Nasema ukuta unaanguka. Unataka utuangukie batatu bote kwanza?"

Mama Zena hakuinua uso. Neno lile alikuwa amelibeba kwa muda mrefu kabla ya kulitua.

Jirani yao Sinzinkayo, Mrundi mrefu aliyependa kuchekesha watu hata pale pasipochekesha, naye alitaka kuziba upande wake, kwa hiyo wakakaa kuchagua. Ardhi ile haikuwa ya kuchagulia ovyo. Ukichimba kiganja kimoja unakutana na kokoto. Mvua ikikoma maji yanakimbia chini kama yanadaiwa, na jua linachoma kilichobaki.

"Miyenzi," alisema Sinzinkayo, akimaanisha minyaa. "Unakata, unachomeka, unaenda kulala. Ukiamka iko uzio."

"Na maziwa yake?" Mama Zena alimkatiza. "Ule mtoto wa kule pompi ya maji yalimuingia kwenye macho, wiki nzima anaona moshi. Hapana. Mi niko na Aicha."

"Basi mukonge."

"Mukonge utasimama Aicha akiwa bibi."

Idrissa, akitaka naye aonekane ana lake, alitaja yale maua ya zambarau yenye miiba aliyoyaona kwenye kuta za mjini. Sinzinkayo akapiga makofi. "Vrai, kweli kabisa! Na mbuzi za bantu ba hapa zitakuja kukushukuru moja moja. Zitakuita papa."

"Mbono," alisema Mama Zena, na kwa sauti yake wakajua mashauri yamekwisha. "Mbuzi haiigusi. Mawe haiogopi. Jua likikaa sana inaangusha majani na kungoja, mvua ikirudi nayo inarudi." Akamgeukia mwanawe. "Lakini usikate wenye kushiba, sikia? Wenye kukaa karibu na maji ukiuleta huku utakufa kwa kushangaa. Tafuta wenye kukomalia kwenye mawe. Kata muti wa ngozi ya kijivu, usikate wa kijani. Chini kata mushazari, juu kata sawa, njo tujue kichwa na miguu. Kisha uache vidonda bikauke kivulini siku kazaa kabla ya kupanda."

Wenyeji wa vijiji vya karibu walikuwa wamechoka kukatiwa nyua zao na wakimbizi, na walikuwa na haki. Sinzinkayo ndiye aliyejua kiwanja kilichoachwa nyuma ya soko la Kawale, Lilongwe, chenye mbono za bure. "Uliza Épitace, Mukongomani wa Bukavu, anashona nguo pale kwenye baraza. Mukristo, lakini mutu muzuri," alisema, akacheka peke yake.

Idrissa alifika Kawale kwa matola, amekaa juu ya magunia nyuma ya gari la wazi, panga limefungwa kwenye gunia. Fundi Épitace alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimwonyesha njia kwa mkasi bila kusimamisha cherehani.

Kando ya kijito mbono zilikuwa zimenenepa, majani mapana, matawi yamejaa maji. Mkono wa Idrissa ulizitamani. Lakini alikumbuka alivyoambiwa, akapanda juu zaidi, penye kifusi cha nyumba iliyovunjwa, akakuta safu nyingine. Hizo zilikuwa fupi, zimepinda upande mmoja kwa upepo, majani madogo na machache, gome la kijivu limekaza kama ngozi ya goti. Moja ilikuwa imeota katikati ya saruji na kuipasua. Idrissa alicheka kwa furaha. Alikata taratibu, chini mshazari, juu sawa, akachagua vijiti vinene kama mkono wa Aicha, akavipangusa utomvu, akavifunga mafungu mawili. Akirudi sokoni alijiona mtu aliyefanya kazi yake.

Alisimama kwenye baraza kumshukuru fundi.

"Bya uzio?" Épitace aliuliza.

"Eee. Bya kwetu Dzaleka. Mama yangu, Mama Zena."

Cherehani ilisimama. Fundi alivua miwani. "Zena wa Amissi? Wa Buyenzi, mwenye duka ya bitenge?"

"Unamujua papa?" Idrissa aliangusha mafungu. "Iko wapi? Amefika?"

Épitace aliinuka, akavuta kigoda, akakisukuma mbele yake. "Kaa kwanza, mudogo wangu."

"Sitaki kukaa. Sema."

"Tulipanda kamyo moja, toka Mpulungu. Mwezi wa kumi na moja. Homa ilikuwa imemushika deja, tangu kwenye meli. Kamyo ikaharibika porini, mbele ya Mbala, na..." Fundi aliweka mkasi chini. "Pole sana. Baba yako alikufa pale. Tulimuzika pale pale. Mimi..."

"Mwongo!"

Wanawake waliokuwa wakiuza nyanya ng'ambo ya njia waligeuka.

"Mudogo, ngoja nimalize."

"Mwongo we! Unajua nini ya baba yangu? Amissi bako wengi! Umesikia jina kwenye mudomo ya mutu, sasa unataka kumufanyia matanga!" Idrissa aliokota mafungu yake, akapiga kigoda teke kikaenda kugonga ukuta, akaondoka. Nyuma yake alimsikia yule mtu akiita, si kwa hasira, na hilo ndilo lililomfanya aongeze mwendo. Mwongo angemtukana.

Juu ya matola, akiwa amekumbatia vijiti, alijua. Hakuna aliyemwambia Épitace habari ya duka. Alikazia macho barabara, na njia nzima alikuwa anatunga maneno ya kumwambia mama yake. Kila neno alilolipata lilikuwa kubwa kupita mdomo.

"Umekata muzuri?" Mama Zena aliuliza, akigeuza kijiti kimoja mkononi. "Eee. Huu umeshakula mawe. Muzuri kabisa, mwanangu."

"Nimekata," alisema Idrissa.

Alivilaza kivulini, akampelekea Sinzinkayo fungu lake. Kesho nitasema, alijiambia. Kesho yake Aicha alikuwa na homa, akaona si siku ya kusema. Siku iliyofuata mama alikuwa anaimba kidogo akipepeta mchele, na nani angekatiza wimbo wa mtu ambaye hakuwa ameimba tangu Buyenzi? Vidonda vya vijiti vilikauka, vikafanya ngozi, na neno bado lilikuwa kooni.

Asubuhi ya kupanda, Mama Zena na Aicha walikwenda pompi kuteka maji. Idrissa alichimba mashimo safu moja ndefu upande wa upepo. Kisha akashika kijiti cha kwanza, akapiga magoti, na mkono ukakataa. Maadamu uzio haujapandwa, baba yuko njiani. Akiupanda tu, yeye Idrissa, mtoto aliyeondoka na meli akamwacha mzee nyuma na vitenge, ndiye atakayekuwa amemfukia. Alikaa pale na kijiti mapajani. Halafu alivuta panga. Ule mwisho wa mshazari akaukata ukawa sawa. Ule mwisho ulio sawa akaukata mshazari. Akakichomeka kichwa chini, miguu juu, akakandamiza udongo kwa kisigino. Akachukua cha pili. Mpaka mama yake anarudi na ndoo kichwani, safu nzima ilikuwa imesimama, imenyooka, nzuri kutazama, na hapakuwa na kijiti kimoja kilichotazama mbingu.

Mama Zena alitua ndoo. Alitembea kando ya safu, akigusa kila kijiti kwa ncha ya kidole, na mwishoni alifuta macho kwa upande wa kitenge. "Basi," alisema polepole. "Basi imekwisha. Mungu amurehemu popote iko."

Idrissa aliokota vipande alivyovikata, akavificha nyuma ya nyumba.

Mvua mwaka ule ilikuja ikikatikakatika, na kati ya mvua na mvua changarawe ilikauka. Kila alfajiri Mama Zena alikwenda pompi, akapanga foleni, akapanda kilima na ndoo, nyonga yake mbaya ikimvuta upande, akanywesha vijiti kwa kikombe, kimoja kimoja, asipoteze tone. Idrissa alijaribu kumpokea. "Nenda huko," alimfukuza. "We umepanda, mi nanywesha. Kazi ya kila mutu na yake." Basi alikaa mlangoni akimtazama anamwagia maji miti aliyoiua yeye. Usiku hakusema, mchana hakusema, na kadiri alivyonyamaza ndivyo lile jambo lilivyozaa: kwanza lilikuwa moja, kifo cha baba, sasa yalikuwa mawili.

Kwa Sinzinkayo vijiti vilichipua macho. Vilitoa vichwa vya kijani, kisha majani, madogo kama masikio ya panya.

"Mama Idrissa," Sinzinkayo alitania kutoka ng'ambo, "zako zingali zinasali? Zangu zimeshatoka musikitini!"

Mama Zena hakucheka. Alisimama mbele ya safu yake kavu, mikono kiunoni, kwa muda mrefu. Alikwangua gome la kijiti kimoja kwa ukucha. Ndani palikuwa pa kahawia. Idrissa alijiandaa kwa huzuni yake, maana huzuni aliijua. Alichokiona kikamtia baridi. Uso wa mama yake ulikuwa unafunguka.

"Panga moja," alisema. "Muti mumoja, mvua moja, udongo mumoja. Zake zimekamata, zangu zimekataa." Akamshika Idrissa mabega kwa mikono yenye matope. "Zimekataa, Idrissa! Babu yangu wa Kasongo alipoenda safari ya pembe, wajomba walisema amekufa, wakapanda uzio wake. Ukakauka. Wakapanda tena, ukakauka. Na babu akarudi! Bibi alituambia sisi bote, mi nilimusikia na masikio yangu haya. Baba yako iko muzima!"

"Mama..."

"Iko muzima! Na mi nilikuwa nimeshamuzika. Astaghfirullah. Na mikono yangu mwenyewe nilimunywesha maji ya kaburi."

Hapo ndipo angesema. Mlango ulikuwa wazi. Lakini mama yake alikuwa anacheka, na Aicha alitoka akikohoa na kucheka naye bila kujua sababu, wakakumbatiana watatu kwenye upepo, na Idrissa ndani ya kumbatio lile alikuwa kama mwizi aliyealikwa chakula na aliyemwibia.

Tangu siku hiyo Mama Zena aligeuka. Alitafuta hina kwa mwanamke mmoja wa Uvira, akapaka viganja na nyayo. Alipaka wanja. Kila alasiri alivaa kitenge kilichosalia kizuri, akashuka mpaka pale magari ya Dowa yanaposhushia watu, akakaa juu ya jiwe, akatazama kila anayeruka kutoka nyuma ya gari. Wanawake walimtania: "Bibi harusi, bado tu?" Naye akawajibu: "Mutakula pilau, musijali." Ukuta wa upepo uliendelea kuanguka. Alisema mwenyewe anakuja, mwenyewe atapanda.

Kisha akaita kisomo cha shukrani.

Watu wa Maniema, mkoa wa Kindu na Kasongo, waliokuwa kambini walikuja karibu wote, wakakaa kwenye mikeka mbele ya nyumba, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Maalim, mwenyeji wa Kasongo, alivutiwa zaidi na habari ya babu wa pembe kuliko wote. Chai ya tangawizi ilipikwa. Upepo ulikuwa unavuta kanzu na kurusha majivu, na Sinzinkayo, aliyekuja kwa ujirani, alikaa pembeni akishika birika lisianguke. Maalim alisoma. Kisha akainua mikono.

"Ee Mola, umurudishe Amissi bin Lwamba kwa jamaa yake."

"Amin," walisema wote.

"Umuvushe mito na mipaka kwa salama."

"Amin."

Mikono ya Idrissa ilikuwa juu pamoja na mingine. Alifungua mdomo. Alitazama viganja vya mama yake, vimeinuliwa upande wa wanawake, vyekundu kama vya mwali. Na ile hina ikamwambia kile ambacho miezi yote hakutaka kukisikia: mjane hapaki hina. Mjane hukaa ndani, huacha wanja na manukato, hukaa eda ya mume wake mpaka itimie. Mama yake alikuwa anakaa barabarani amejipamba, baba yake yuko chini ya udongo, na aliyemvalisha aibu hiyo ni yeye.

"Umufikishe akiwa na afya..."

"Hapana," alisema Idrissa.

Maalim alifungua macho. Idrissa alikuwa amesimama, hakumbuki kusimama. "Amekufa. Papa amekufa mwezi wa kumi na moja, huko Zambia, porini. Mutu aliyemuzika aliniambia, nami nilimutukana. Na uzio..." Alikwenda kwenye safu, akang'oa kijiti, akakiinua mbele yao. "Nilipanda kichwa chini. Byote. Nilikata kichwa mushazari kusudi musijue. Hakuna alama hapa. Hakuna kitu. Ni mimi."

Turubai lilipiga mara moja, puu, likatulia.

Mama Zena hakulia kwanza. Aliteremsha mikono, akaitazama. Akaisugua kwa kitenge, polepole, kisha kwa nguvu, kisha akachota changarawe akaisugua kwa changarawe, na wanawake wawili wakamrukia wakamshika.

"Haitoki," aliwaambia, kama mtoto anayeshitaki. "Muniletee maji. Haitoki."

Walimwingiza ndani. Idrissa alibaki na kijiti mkononi mpaka Sinzinkayo, bila mzaha safari hii, akakichukua.

Mama Zena alikaa eda iliyobaki. Siku ambazo zilikuwa zimeshapita, alizozipitisha akiwa na wanja machoni, zilikuwa zimekwenda. Maalim alimwambia asiyejua hana dhambi, na kwamba hesabu ni tangu mume alipofariki. Alisikia, akashukuru, hakuonekana kufarijika. Kwa Idrissa hakutoa neno. Alipotaka kitu alisema, "Aicha, mwambie huyo." Huyo alete kuni. Huyo asogeze turubai. Idrissa alileta, akasogeza. Aling'oa safu yote, akaichoma.

Siku ya tatu Aicha alitoka mlangoni, macho mekundu. "Yaya," alimwita kaka yake, "mama anauliza. Papa alioshwa na nani?"

Idrissa aliinamia kuni alizokuwa akipasua.

"Alisaliwa? Walimulaza uso upande gani?"

"Sijui."

"Hukuuliza?"

"Sikumwacha mutu amalize."

Aicha aliingia ndani na jibu hilo. Kupitia ukuta uliobomoka Idrissa alimsikia akilirudia kwa mama yao.

Kesho yake alikuwa Kawale. Alisimama mbele ya baraza, panga chini, kofia mkononi, yeye ambaye hakuwahi kumvulia mtu kofia. "Kaka Épitace. Nilikupiga matusi. Pardon. Nimekuja unimalizie."

Épitace alikata uzi kwa meno. Hakukasirika, alionekana mtu aliyeogopa siku hii kuliko aliyeombwa radhi. "Ulipokimbia," alisema, "nilikuita. Kisha nilifurahi kuona hukurudi. Unajua juu ya nini? Kwa sababu ungeuliza alioshwa na nani."

"Nani?"

"Mimi." Alitazama mikono yake. "Hakukuwa na Muisilamu pale. Dereva alisema hapakii maiti. Tulikuwa batatu, na bale wengine baliogopa homa. Nilichukua bidon ya maji yetu ya kunywa, nikamuosha. Sikujua munaanzia wapi. Nilianza uso. Kitambaa nilikata kwenye bitenge byake. Maneno yenu sijui, nilisema Baba Yetu, kwa sauti ndogo, asikasirike. Toka siku ile najiuliza: nimemusaidia, ao nimemuharibia? Njo sababu nilikaa hapa Kawale, sikuja kutafuta Zena. Niliogopa kumwambia mujane."

Idrissa alikaa kwenye kigoda kile kile alichokipiga teke. Hasira yake yote aliitafuta, hakuiona. "Utakuja umwambie?" aliomba. "Mi nikisema hanisikii."

Kabla ya kuondoka walipanda pamoja kwenye kifusi. Idrissa alikata vijiti vipya, na kila kimoja alichokata alimwonyesha Épitace, hiki kichwa, hii miguu, ingawa hakuna aliyemuuliza. Mvua zilikuwa karibu kwisha. Vingine vingekamata na vingine visingekamata, na vyote vingetaka maji ya ndoo mpaka mwaka ugeuke. Ndoo hizo angezipandisha yeye.

Walifika Dzaleka jua likiwa bado kali na upepo ukiwa juu. Mwanamume mgeni hawezi kuingia kwa mwanamke aliye katika eda, kwa hiyo Épitace alisimama nje, upande ule ukuta ulipovunjika, mahali ambapo uzio ungekuwa. Mama Zena alikaa ndani, nyuma ya kitenge kilichotundikwa.

"Mama," alianza fundi. "Mimi ni Épitace, wa Bukavu. Mimi njo nilikuwa na Papa Amissi."

Upepo ulichukua maneno ukayapeleka kwa majirani.

"Sisikii," ilisema sauti ya Mama Zena.

"Nilikuwa naye mpaka mwisho!" Alilazimika kupaza sauti. Nyumba ya tatu mtu alitoa kichwa. Épitace alisita, jambo lenyewe halikuwa la kupigia kelele. Ni nani anamsimulia mjane alivyouosha mwili wa mumewe, kwa sauti ya muuza samaki?

Idrissa aliuchukua mkeka uliokuwa mlangoni. Akausimamisha upande wa upepo, akaushika juu kwa mikono miwili na chini kwa miguu, akaweka mgongo wake nyuma yake. Upepo ukaja ukampiga wote, vumbi likamjaa masikioni, mkeka ukamvuta kama tanga lakini hakuuacha. Ndani ya kivuli kile kidogo Épitace alipiga magoti karibu na ukuta, akaanza upya, chini kwa chini. Idrissa hakusikia maneno. Aliona tu mgongo wa fundi ukiinama zaidi na zaidi, na mara moja mikono yake ikionyesha jinsi mtu anavyomiminia maji uso wa mtu aliyelala.

Ilichukua muda. Mikono ya Idrissa ilikufa ganzi. Alasiri ilisogea. Sinzinkayo alikuja kutaka kumpokea; Idrissa alitikisa kichwa akakataa.

Hatimaye sauti ya mama yake ilitoka nyuma ya kitenge, imelowa, lakini imesimama wima.

"Alioshwa," alisema. "Alhamdulillahi, alioshwa. Mikono yako Mungu aione, baba. Endelea. Nataka yote, usinifiche hata kidogo." Akapenga kamasi. "Aicha! Mwambie huyo anayeshika mkeka asiuachie."